Sura ya Saba: Pale Bamba Linapoishia

Ukitaka kujua chesisi ya gari la safari imeumia wapi, ingia chini ya gari na tochi, anzia pale springi za nyuma zinaposhikwa, kisha ufuate mhimili kwenda mbele mpaka ukutane na kiraka cha fundi aliyekutangulia. Futa vumbi na grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, halafu tazama bila haraka. Mara nyingi ufa hutaukuta chini ya kiraka. Utaukuta ukingoni mwake, milimita chache tu kutoka pale mshono wa kuchomelea ulipokoma, ukiwa umepasua chuma ambacho kilikuwa kizima siku kiraka kilipowekwa.

Fundi aliyeweka kiraka hicho hakuwa mzembe. Pengine alichagua bamba nene, akachomelea pande zote nne bila kuacha upenyo, akapitisha grainda hadi mshono ukalainika, akamalizia kwa rangi nyeusi. Mwenye gari akalipa akiwa ameridhika. Ila bamba lilikuwa limelisogeza tatizo hatua moja tu, kutoka pale lilipokuwa hadi pale lenyewe linapoishia. Sura hii ni ya mabamba hayo, yale yanayochomelewa kwenye chesisi ili gari lihimili njia mbovu. Ninachotaka kukitetea ni hiki: kuimarisha chesisi ni kazi ya kuchagua mzigo upite wapi, na uamuzi mzito kuliko yote ni bamba likome wapi na likome kwa umbo gani. Unene wake ni swali la baadaye.

Tuanze na kazi ya chesisi yenyewe. Katika gari kama Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo Toyota imekuwa ikiiunda tangu 1984, chesisi ni mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa kwa vyuma vya kukingama. Injini, gia boksi, bodi, tangi na springi vyote vinashika hapo. Pikapu ya aina ya HZJ79 hutoka kiwandani ikiwa na milimita 3,180 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Gereji za Arusha na Nairobi zinazounda magari ya utalii hukata mihimili hiyo, huongeza kipande, kisha hujenga juu yake bodi ndefu yenye paa la kuinuka. Vinafuata viti, friji, tangi la pili la dizeli, spea mbili, na mabegi ya wageni. Urefu huo una gharama isiyoonekana kwa macho. Mhimili unaobeba mzigo uleule ukirefushwa, kuinama kwake hukua kwa kipeo cha tatu cha urefu: ongeza asilimia 20 ya urefu, nao utainama kwa asilimia 70 na zaidi kuliko mwanzo. Kwa hiyo magari yaliyorefushwa ndiyo yanayohitaji kuimarishwa kuliko mengine yote, na ndiyo yanayoumia mapema uimarishaji ukikosewa.

Halafu kuna barabara. Anayetoka Lango la Lodoare, akapita Ngorongoro na kushuka hadi Kilima cha Naabi na Seronera, anayajua yale mawimbi madogo ya changarawe yanayotikisa gari mpaka meno yanagongana. Waliosafiri kutoka Isiolo kwenda Moyale kabla ya lami waliyajua vilevile. Mwaka 2007 watafiti watatu waliofanya kazi katika vyuo vya Lyon, Toronto na Cambridge walichapisha majaribio ya meza ya mchanga inayozunguka chini ya gurudumu. Walionyesha kwamba mawimbi hujichonga yenyewe mara gurudumu linapovuka mwendo fulani, hata likiwa gurudumu tupu lisilo na springi. Chini ya mwendo huo mchanga hubaki tambarare. Yaani kila dereva anayekimbia anaichimba barabara kwa ajili ya anayemfuata.

Fanya hesabu hii. Gari liko kwenye kilomita 60 kwa saa, na mawimbi yameachana sentimita 70. Kila gurudumu linapigwa takriban mara 24 kwa sekunde, zaidi ya mara 85,000 kwa saa. Saa 24 za mwendo wa namna hiyo, ambazo dereva wa utalii huzimaliza katika safari chache, zinafikisha mapigo milioni 2. Namba hiyo ina uzito wa pekee kwa sababu wahandisi wa Ulaya wanapoupa mshono wa chuma daraja la uimara, kipimo chao ni mizunguko milioni 2 hiyohiyo. Sisemi kwamba kila pigo linafika kwenye chesisi lilivyo. Matairi, springi na shokapu humeza sehemu kubwa. Ila yale machache yanayopenya, pale gari linapotua kwenye korongo au shokapu zinapokuwa zimechemka na kuishiwa nguvu, ndiyo yanayokula chuma.

Chuma huchoka, na hilo liligunduliwa kwa vifo. Tarehe 8 Mei 1842 treni iliyokuwa ikirudi Paris kutoka Versailles ilivunjika ekseli ya injini, mabehewa yakapandana na kushika moto. Zaidi ya watu 50 walikufa, akiwamo baharia na mvumbuzi Jules Dumont d'Urville pamoja na mkewe na mwanawe. Ekseli ile haikuwa imebebeshwa mzigo usio wa kawaida siku ile. Miaka iliyofuata mhandisi wa reli wa Ujerumani, August Wöhler, alijenga mashine za kuzungusha na kukunja ekseli maelfu kwa maelfu ya mara. Alithibitisha kwamba chuma kinaweza kukatika kwa nguvu iliyo ndogo mno kuliko ile inayohitajika kukivunja kwa mara moja, mradi nguvu hiyo irudierudie vya kutosha. Kinachohesabika ni tofauti kati ya mkazo wa juu na wa chini katika kila mzunguko, pamoja na idadi ya mizunguko.

Kwa mishono ya kuchomelea, uhusiano huo una sura ambayo kila fundi angefaa kuibeba kichwani: maisha ya mshono hubadilika kwa kipeo cha tatu cha mkazo. Punguza mkazo kwa nusu, mshono utaishi mara 8. Uongeze maradufu, utaishi sehemu moja ya nane. Hii ni habari njema na mbaya kwa pamoja. Njema, kwa sababu bamba lililowekwa vizuri likipunguza mkazo kidogo tu, linanunua miaka. Mbaya, kwa sababu kona moja kali inayokusanya mkazo huifuta miaka hiyo yote.

Sasa umbo. Mihimili ya chesisi huja kwa sura kuu mbili. Kuna chaneli, yenye uti mmoja na midomo miwili, wazi upande mmoja, na kuna boksi iliyofungwa pande zote nne. Katika kuinama, tofauti yao si kubwa sana ukilinganisha chuma kilichotumika. Katika kusokotwa, pale gurudumu moja linapopanda jiwe na la upande wa pili linapozama shimoni, tofauti ni ya ajabu. Chukua chaneli yenye kimo cha milimita 100, midomo ya 50 na unene wa 4. Ifunge upande uliokuwa wazi kwa bamba la unene uleule. Umeongeza nusu tu ya chuma kilichokuwapo, lakini ukaidi wake dhidi ya kusokotwa umepanda zaidi ya mara 200. Shika mwanzi mzima ujaribu kuusokota kwa mikono, kisha upasue kwa urefu na ujaribu tena. Mkono utakuambia yaliyomo kwenye vitabu.

Waliounda Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, walilijua hili vizuri. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilitolewa kwa mgao, na mashine kubwa za kukandamiza mihimili hazikupatikana kwa urahisi. Rover wakakata vipande bapa vya chuma, wakavichomelea kuwa boksi ndefu. Matokeo yakawa chesisi ngumu isiyohitaji mitambo ya gharama, yenye udhaifu mmoja ambao wenye Land Rover wanaujua hadi leo. Boksi likipata maji na tope ndani, huliwa kutoka ndani kwenda nje, na rangi ya nje hubaki nzuri hadi siku bisibisi inapopenya.

Kutokana na hesabu ile ya chaneli na mwanzi, kazi ya kwanza anayopewa mchomeleaji ni kuifunga chaneli iwe boksi, hasa nyuma ya gia boksi na pale springi zinaposhika. Ni kazi nzuri ikifanywa kwa akili. Lakini chaneli iliachwa wazi kwa sababu. Malori mengi yamejengwa yakitarajia chesisi isokotike kidogo ili magurudumu yote yabaki ardhini, na msokoto huo ukitawanyika kwenye urefu wote wa mhimili, hakuna mahali panapoumia. Funga mita moja tu katikati iwe ngumu, acha iliyobaki ikiwa laini, na msokoto wote utahamia kwenye mpaka kati ya pagumu na palaini. Ufa wako wa kesho uko hapo. Ukifunga, funga kuanzia chuma kimoja cha kukingama hadi kingine, ili mpaka uangukie mahali penye msaada.

Gari lililowafundisha wachomeleaji wengi somo la mabamba ni Jeep Cherokee ya aina ya XJ. Kampuni ya AMC iliitoa mwaka 1983 kama modeli ya 1984, na nchini Marekani ilitengenezwa hadi 2001. Haikuwa na chesisi ya kujitegemea. Mihimili yake ilikuwa karatasi za chuma zilizokunjwa umbo la chaneli na kushonwa chini ya sakafu kwa nukta za kuchomelea, hivyo bodi na chesisi ni kitu kimoja. Gari likawa jepesi, likafaa mjini na porini. Kisha madereva wanaopenda kupanda miamba huko Marekani, wa Moab na wa njia ya Rubicon, wakaliinua, wakalifunga matairi makubwa na difu za kufunga. Nyufa zikatokea kwa mpangilio unaotabirika: kuzunguka bolti za boksi la stelingi mbele, pale mikono ya kushikilia ekseli inapokutana na mihimili, na kwenye maungio ya sakafu. Tairi kubwa ni wenzo mrefu. Kila dereva anapokata stelingi huku tairi limebanwa kati ya mawe, boksi linajaribu kuing'oa karatasi iliyolishika.

Dawa waliyoifikia ni mabamba marefu yaliyokunjwa kufuata umbo la mhimili, yanayoanza mbele karibu na boksi la stelingi na kwenda nyuma hadi kwenye springi, yakiwa na matundu mengi ya duara ya kujazwa mshono. Tazama walichofanya. Hawakuweka kiraka palipopasuka. Waliupa mzigo njia mpya ndefu, kutoka unapoingilia hadi mahali unapoweza kutawanyika. Huku kwetu, waliotayarisha magari ya Safari Rally walikuwa wakifanya kazi ya jamii hiyohiyo kwenye bodi za magari ya kawaida, wakiongeza mishono kati ya nukta za kiwandani ili karatasi zisiachane kwenye mawe.

Na sasa tufike mwisho wa bamba, kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Katika jimbo la Connecticut, Marekani, liko daraja la Yellow Mill Pond kwenye barabara kuu ya 95, lililofunguliwa mwaka 1958. Waliolibuni waliongeza mabamba chini ya mihimili ya chuma, sehemu ya katikati ambako mzigo huinamisha zaidi. Ilikuwa ni busara ya kawaida ya wakati ule: weka chuma palipo na kazi, usikiweke palipo na nafuu. Mwaka 1970 wakaguzi walikuta mhimili mmoja umepasuka kuanzia chini na ufa umepanda ndani ya uti wake. Ulikuwa umeanzia kwenye mshono wa mwisho wa bamba. Walipochunguza zaidi wakakuta ncha za mabamba mengine nazo zimeanza kupasuka. John W. Fisher wa Chuo Kikuu cha Lehigh na wenzake, waliokuwa wakipima mihimili ya namna hiyo maabara, walipata matokeo yaliyobadilisha kanuni za madaraja. Ncha ya bamba lililochomelewa ni miongoni mwa maungio dhaifu kuliko yote mbele ya uchovu, na kutumia chuma cha daraja la juu hakusaidii.

Sababu zake ni tatu, nazo zinakutana mahali pamoja. Kwanza, nguvu inayosafiri ndani ya mhimili inafika kwenye ncha ya bamba na ghafla inapata njia ya pili, hivyo sehemu yake inaruka kuingia kwenye bamba kupitia mshono mfupi. Pili, mguu wa mshono, pale chuma kilichoyeyuka kinapokutana na chuma kizima, una vijikwaruzo visivyoonekana kwa macho, na kila kimoja ni ufa uliokwisha kuzaliwa. Tatu, mshono unapopoa hunywea, ukakivuta chuma cha jirani kwa nguvu inayokaribia kikomo chake hata kabla gari halijasogea. Ndiyo maana chuma chenye nguvu zaidi hakina faida hapo. Ufa haungoji kuanza, unangoja kukua.

Kuna tukio lingine ambalo halihusu magari, nalo linanifanya nisidharau mshono wowote, hata ule wa kushikia waya. Tarehe 27 Machi 1980 jukwaa la Alexander L. Kielland, lililotumika kama makazi ya wafanyakazi wa mafuta katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norway, lilipoteza mguu mmoja katika dhoruba na kupinduka. Walikuwamo watu 212, 123 walikufa. Uchunguzi ulifuata ufa hadi chanzo chake, ukakuta mshono wa milimita 6 uliokishika kishikizo cha kifaa cha kusikilizia sauti majini. Kishikizo hicho hakikubeba mzigo wowote wa jukwaa. Kilikuwa kimechomelewa tu juu ya chuma kilichobeba. Nikiona kishikio cha jeki au cha kopo la maji kimechomelewa kwenye mdomo wa chini wa mhimili wa Land Cruiser, ndiyo picha inayonijia.

Bamba jema, basi, halikomi kwa mstari wima unaokatiza mhimili. Linapungua taratibu, kwa mteremko mrefu au kwa umbo la mkia wa samaki, ili nguvu iingie kidogo kidogo. Ncha yake inaishia karibu na nusu ya kimo cha uti wa mhimili, kwa sababu mhimili unapoinama, mdomo wa juu unabanwa, wa chini unavutwa, na katikati ya kimo mkazo wa kuinama unakaribia sifuri. Kona zake zote ni za mviringo. Bamba haliishii chini ya springi, wala kwenye tundu, wala pale mhimili unapobadilisha umbo, na ncha za mabamba ya mhimili wa kushoto na wa kulia hazikai mstari mmoja. Mdomo wa chini wa mhimili haukatizwi na mshono hata kidogo, wala hautobolewi; ukihitaji tundu, litoboe katikati ya uti. Unene? Kwa mhimili wa milimita 3, bamba la 3 linatosha kabisa. La milimita 8 linatengeneza mpaka mkali zaidi kati ya pagumu na palaini, linadai moto mwingi wa kuchomelea, na linaongeza kilo ambazo springi na breki zitazibeba kila siku.

Najua mazungumzo yanavyokwenda gereji. "Fundi, weka pleti nene, nisirudi tena hapa." Na fundi, ambaye hataki kupoteza kazi, anaitikia, "Sawa bosi." Natamani ajibu hivi: "Bosi, nene itakurudisha mapema. Nipe nafasi niikate kwa umbo lake." Mwenye gari akielezwa sababu, huelewa, kwa sababu naye anabeba watu.

Kazi yenyewe inaanza muda mrefu kabla ya moto. Bodi ikiweza kuinuliwa, iinuliwe. Gari likae sawa, mzigo uondolewe, chesisi ishikiliwe na stendi ili isiwe imeinama unapoipa ugumu, maana mkao itakaokuwa nao wakati wa kuchomelea ndio itakaobaki nao. Betri itolewe nyaya zote mbili, na nyaya za alteneta na kompyuta zichomolewe. Klempu ya ardhi ifungwe karibu na mshono, kwenye chuma kilichosafishwa. Ikifungwa mbali, umeme utatafuta njia kupitia bearingi za magurudumu na kuziharibu. Tangi la mafuta lishushwe. Tangi linaloonekana tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke ndio unaolipuka. Mabomba ya breki na ya dizeli yasogezwe mbali.

Kisha rangi, kutu na zinki viondolewe hadi chuma cheupe, sentimita kadhaa kila upande. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaoleta homa ya usiku, baridi na maumivu ya mwili. Dawa za kunyunyizia za kusafishia breki zenye klorini ni mbaya zaidi, kwani joto la mshono huzigeuza kuwa fosijini, gesi iliyotumika kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu vijana wengi wanaochomelea kando ya barabara zetu hufanya kazi kwa miwani ya jua na bila glavu. Miwani ya jua haizuii mwanga wa tao la umeme. Macho yanawasha usiku mzima yakiwa kama yamejaa mchanga, na kila usiku wa namna hiyo unaweza kuacha madhara. Mwenye gereji anayenunua bamba zuri na asimnunulie kijana barakoa ya kuchomelea hajakamilisha maandalizi ya kazi.

Palipo na ufa, ufa ushughulikiwe kabla ya kufunikwa. Tafuta ncha zake halisi, zinazofika mbali kuliko jicho linavyoona, toboa tundu dogo mbele ya kila ncha ili usiendelee, chimba ufa wote kwa grainda uwe mfereji, ujaze, kisha usawazishe. Bamba linakuja baada ya hapo. Kufunika ufa ulio hai ni kumficha mgonjwa.

Wanaotumia vijiti wachague vile vyenye haidrojeni kidogo, aina ya E7018, na wavitunze vikavu. Kijiti kilichonyonya unyevu wa Tanga au Mombasa hupeleka haidrojeni ndani ya mshono, nayo inaweza kuupasua saa nyingi baada ya kupoa, gari likiwa tayari limeondoka. Kwa chuma chembamba kama cha XJ, mashine ya waya na gesi ni rahisi zaidi kuitawala. Moto uelekezwe kwenye bamba, ambalo ni nene, kisha uvutwe kuelekea karatasi, la sivyo karatasi itatoboka.

Shika kwanza kwa nukta, pima ulalo kutoka kona hadi kona, halafu uchomelee vipande vifupi kwa kurukaruka: huku kidogo, kule kidogo, kushoto kisha kulia. Joto likikusanyika upande mmoja, mhimili utajipinda na gari litavuta upande maisha yake yote. Je, vipande hivyo viachwe na mapengo au viunganishwe? Mafundi hubishana. Mapengo hupunguza joto, lakini kila mwanzo na mwisho wa mshono ni chanzo kingine cha ufa, na pengo hukaribisha maji. Mimi nasimama na wanaouunganisha mshono wa urefu mwishoni, kipande baada ya kipande, chuma kikiwa kimepoa kati yake. Matundu ya duara katikati ya bamba yajazwe ili bamba na mhimili vifanye kazi pamoja badala ya kuteleza. Usimwagie maji ili kuharakisha. Acha kipoe chenyewe.

Baada ya hapo miguu ya mshono kwenye ncha za bamba ilainishwe kwa grainda ndogo, mikwaruzo ikielekea upande wa urefu wa mhimili, kamwe isiukatize. Pale Yellow Mill Pond, mwaka 1976, miguu ya mishono ilitibiwa kwa kugongwagongwa kwa nyundo ya hewa ili chuma cha juu kibanwe badala ya kuvutwa, na mingine iliyeyushwa upya kwa tao la tungsteni. Njia ya kwanza iko ndani ya uwezo wa gereji nyingi. Kisha rangi ya msingi, kiziba nafasi kwenye kingo, na nta ya maji inayonyunyiziwa ndani ya boksi kupitia matundu yake, hasa kwa magari yanayopatwa na chumvi ya pwani au magadi ya Ziwa Natron.

Chesisi nyingine hazifai kuchomelewa kabisa. Malori makubwa ya Kimarekani huwa na mihimili iliyopikwa kwa joto kiwandani ili iwe migumu, na mara nyingi onyo limebandikwa juu yake. Moto wa kuchomelea huulainisha ugumu huo, na hapo bolti ndiyo njia sahihi. Sehemu ya mbele kabisa ya magari ya kisasa nayo imebuniwa ijikunje katika ajali ili isiwaumize waliomo. Kuijaza mabamba ni kuuhamishia mgongano vifuani mwao.

Gari likirudi baada ya safari zake za kwanza, ncha za mabamba zikaguliwe kwa dawa nyekundu ya kupenyeza: safisha, nyunyiza, subiri, futa, kisha nyunyiza unga mweupe. Palipo na ufa mstari mwekundu utajitokeza juu ya unga. Ukijitokeza, usiweke bamba la pili juu ya la kwanza. Ondoa lililopo, chimba ufa hadi uishe, na utafute kilichoulisha: shokapu zilizokufa, springi zilizoongezwa majani hadi zikaacha kucheza, au mzigo uliofungwa nyuma sana ya ekseli. Na ukikuta kutu imeula mhimili hadi nyundo ndogo inauacha na kishimo, acha kuchomelea. Mshono hauna pa kushika hapo, na mhimili huo unatakiwa ubadilishwe.